Nilimshukuru msimamizi aliyenifukuza kazi

Mdogo wangu, nimeisikiliza sauti uliyonitumia. Eti umeambiwa ukishatua Uingereza, miezi mitatu tu Kiingereza kinaingia chenyewe, na kwa tahadhari umepakua orodha ya misemo 500 uikariri kabla ya safari. Nani anawadanganya hivi? Mimi nilikuja na cheti chenye alama nzuri, huu mwaka wa sita, na bado kuna siku naitikia "yeah, yeah" sijaambulia kitu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, zamu ya usiku, kupanga maboksi. Alfajiri moja msimamizi akaniita pembeni, kauli ya upole kabisa: "I'm afraid we're going to have to let you go." Hakuna neno hata moja pale nililokuwa silijui tangu shule. Let, ruhusu. Go, nenda. Nikajua ananiruhusu niwahi kulala. Nikampa mkono, nikamshukuru, nikamwambia ana roho nzuri. Akabaki kimya ananitazama. Usiku uliofuata nikarudi na sare yangu. Kadi ikagoma mlangoni. Nikaigusisha tena, na tena, wenzangu wananipita wanaingia. Mlinzi ndiye aliyenitoa tongotongo: "Sacked, mate."

Unga ulishamwagika tangu jana yake, na mimi nimelala usingizi mnono. (Sisi nasi tusijione. Mwambie Mwingereza anayejifunza Kiswahili kwamba fulani kamwaga unga, atatafuta ufagio.)

Kwa hiyo hiyo orodha itupe. Nina hakika "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, imo ukurasa wa kwanza. Mvua ya huku naijua vizuri, na kazini sijamsikia mtu akiisema. Mvua ikimwagika wanasema "it's chucking it down". Vinavyokuumbua ni vijineno vidogo. "You alright?" ni salamu tu: nilimweleza mtu habari za mgongo wangu mpaka akaanza kurudi kinyumenyume. "Not bad" ni sifa. "Quite good" mara nyingi maana yake hakijamkuna. "Half seven" ni saa moja na nusu, sio kasoro. Na mtu akianza na "I'm afraid", ujue hajaogopa chochote. Kaa vizuri, linakuja baya.

Au basi, usiitupe yote. Chambua ya kazini, ukariri hiyo hata usingizini: "made redundant" na "laid off" (kupunguzwa kazi), "call in sick" (kupiga simu kusema unaumwa). Mengine utayaokota kwenye basi, kwa watu wanaoongea na simu zao kwa sauti.

Usiogope kuuliza. Usiulize kila kitu pia, watakuchoka, wataanza kukuongelesha polepole kama mtoto, na hilo linauma kuliko kutoelewa. Ukikwama, uliza kitakachofuata: "So, am I in tomorrow?", yaani kesho nije kazini? Swali hilo lingeniepushia aibu ya mlangoni.

Njoo, sikukatazi. Ila ukija na hizo ndoto za miezi mitatu, mimi uwanja wa ndege siji kukupokea. Nitakuja, natania.

Halafu haya ya ghalani yaishie kwako. Mama anajua ile kazi niliiacha mwenyewe.