Kachumbari iandikwe chini ya saladi?

SWALI: Naandaa menyu ya mgahawa. Mwenzangu anataka kachumbari iwe chini ya kichwa "Saladi". Mimi naona ni kitu cha pekee. Tena tumebishana kama nyanya na parachichi ni matunda au mboga. Tuandikeje?

JIBU: Mwenzako hajakosea, ila mimi ningeiacha kachumbari ijitegemee. Saladi ni jina pana: vyakula vilivyokatwa na kuchanganywa, mara nyingi vikatiwa kitu kichachu, mafuta au mayonezi, vikaliwa vikiwa baridi. Ubichi si sharti, kwani viazi vya saladi ya viazi huchemshwa kwanza. Kachumbari ina mipaka yake: nyanya, vitunguu maji, pilipili, chumvi, na ndimu au siki, vyote vibichi. Ongeza tango au kabichi, bado ni kachumbari. Tia mayonezi, na mteja aliyeagiza kachumbari ya kulia pilau atairudisha jikoni, na ana haki. Usiichanganye pia na achari: achari hutengenezwa ili ikae, kachumbari huliwa siku hiyohiyo.

Neno "saladi" lenyewe lina mtego. Sokoni, "nipe saladi" ni kuomba majani. Kwa hiyo kwenye maelezo ya chakula andika "majani ya saladi", la sivyo mpishi atasoma "saladi: saladi, nyanya, tango" akabaki anajiuliza.

Kuhusu nyanya: kwa mtaalamu wa mimea ni tunda, kwa sababu hutokana na ua na hubeba mbegu. Tango, pilipili na parachichi vivyo hivyo. Lakini menyu hufuata sahani, haifuati shamba. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Nix dhidi ya Hedden, iliamua kwamba kwa ajili ya ushuru wa forodha nyanya ni mboga, maana huliwa pamoja na chakula kikuu. Parachichi huenda pande zote mbili: likiwa kwenye juisi au saladi ya matunda, liweke na matunda, likikatiwa kwenye kachumbari, liweke na mboga.

Hapa "mboga" nayo inahitaji uangalifu. Ukimuuliza Mtanzania "leo mboga nini?" anaweza kukujibu "dagaa" au "nyama", yaani kitoweo. Kwa nyanya, karoti na matango andika "mbogamboga". Mchicha na matembele ni "mboga za majani". Orodha ya vitu vinavyotakiwa iite "mahitaji". "Viambato" ni sahihi pia, ingawa hunukia kibandiko cha kopo. "Viungo" sikushauri, kwa kuwa msomaji atatafuta bizari na mdalasini.

Kachumbari haipikwi, hutengenezwa. Ukitaka kumwelekeza mpishi mpya, andika hivi: "Kata vitunguu 2 vyembamba, vifikiche kwa chumvi, visuuze na kuvikamua, ongeza nyanya 4 na pilipili; chumvi na ndimu zitiwe wakati wa kupakua." Kufikicha huondoa ukali wa kitunguu. Chumvi ikiwahi kutiwa, huvuta maji ya nyanya na bakuli hugeuka mchuzi.

Wingi wake ni "kachumbari hizi", "saladi hizi". "Masaladi" usiandike.