Maswali na Majibu: Tumchague Nani Awe Somo?

Tumsifu Yesu Kristo. Safari hii barua nyingi zinauliza kuhusu majina na somo, yaani mtakatifu msimamizi: majina ya jumuiya (vikundi vya sala vya majirani), ya mtoto, ya jarida, hata ya biashara. Nimechagua sita na kuzifupisha.

Jumuiya yetu imezaa jumuiya mpya, na sisi wa upande mpya hatuna jina. Wengi tunalima zabibu, tukapendekeza Mt. Isidori. Mwenyekiti wa kanda anasema Isidori ameshachukuliwa. Tufanyeje? (Katibu wa jumuiya, Hombolo)

Mwulizeni kwanza: Isidori yupi? Wako watatu wanaotajwa sana, na watu huwachanganya kila siku. Isidori Mkulima alikuwa kibarua wa shamba karibu na Madrid, Hispania. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na sikukuu yake ni 15 Mei. Isidori wa Sevilla alikuwa askofu na msomi. Yeye ni 4 Aprili. Wa tatu ni Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana mwashi wa Kongo aliyechapwa viboko kwa sababu ya kuvaa skapulari (vitambaa viwili vidogo vya ibada vinavyovaliwa shingoni), akafa kwa majeraha yale mwaka 1909. Huyu wa mwisho msimwandikie "Mt." kwenye bendera, bado ni mwenyeheri, hatua moja kabla ya utakatifu. Nimewahi kuona kitenge cha sare kimechapwa askofu mwenye mitra (kofia ya kiaskofu) na fimbo, na chini yake herufi kubwa: ISIDORI MKULIMA. Kina mama walikuwa wameshashona.

Kama ni Mkulima kweli ndiye aliyechukuliwa, angalieni na tarehe kabla ya kutafuta mwingine. Sikukuu ya somo ina Misa, ina wageni, ina sufuria. Mei hapa kwetu Dodoma mtama na uwele vinaanza kuingia ndani, kwa hiyo jumuiya ya Isidori Mkulima walipiga hesabu nzuri. Januari na Februari ni miezi ya palizi na ghala limebaki vumbi. Mt. Bakhita nampenda sana, lakini sikukuu yake ni 8 Februari, na mweka hazina wenu atakonda.

Pamoja na hayo, nitawapa jina la Januari. Mt. Vinsenti wa Saragosa, shemasi na shahidi aliyeuawa kwa ajili ya imani, anaheshimiwa na wakulima wa mizabibu huko Ulaya tangu zamani. Sikukuu yake ni 22 Januari. Siku yenyewe salini, na chakula msogeze hadi baada ya mavuno ya zabibu, mkikubaliana na paroko. Sidhani kama kanda yenu ina Vinsenti mwingine anayehusika na zabibu.

Mama mkwe anataka mjukuu abatizwe kwa jina la Kigogo la marehemu babu yake. Mume wangu anataka Carlo. Jirani ametuambia jina lisilo la mtakatifu halikubaliki. (Mama kijacho, Nkuhungu)

Jirani yako anakumbuka sheria ya zamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ndiyo iliyodai jina la mtakatifu. Ya sasa, ya mwaka 1983, kanoni (yaani kifungu) 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe tu kwamba mtoto hapewi jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo. Jina la babu mwenye heshima zake haliko kinyume na lolote.

Halafu mkumbushe jirani mashahidi wa Uganda. Kizito na Mugagga ni majina ya Kiganda. Vijana hawa walibatizwa na Karoli Lwanga mwaka 1886, siku chache kabla ya kuuawa, na leo Kanisa lote linawataja hivyohivyo. Mwalimu Nyerere naye alibatizwa Julius mwaka 1943 akiwa mtu mzima, na Kambarage hakulitupa.

Carlo Acutis ni chaguo zuri pia: kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Mpeni mtoto yote mawili. La babu litangulie, maana mama mkwe ndiye atakayekaa na mtoto ukirudi kazini.

Vijana tunaandaa jarida la kurasa nne kila mwezi. Tumeliita "Sauti ya Ukweli Katoliki". Paroko amelikataa jina bila maelezo marefu. (VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki, Dodoma mjini)

Maelezo yapo kwenye kanoni 216: shughuli yoyote ya waamini haiwezi kujiita "Katoliki" bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Vyama navyo vinabanwa hivyohivyo na kanoni 300. Paroko hana ugomvi na ninyi.

Na wala hamlihitaji neno hilo. Gazeti la Kanisa, Kiongozi, lililoanza mwaka 1950, halina. Radio Tumaini ya Dar es Salaam haina, wala Radio Mwangaza ya hapahapa Dodoma. Neno moja, fupi, unaliita ukiwa kwenye bodaboda na mtu anasikia. "Ukweli" pia ningeuacha; siku mkikosea saa ya Misa mtachekwa mwaka mzima.

Fungueni Injili mtafute kitu ambacho watu wa hapa wamekishika kwa mikono. Yohane sura ya 4 kuna kisima, na Dodoma hatuhitaji kuelezwa kisima ni nini. Sura ya 15 kuna mzabibu na matawi. "Matawi" ningelinunua hata kabla ya kulisoma.

Mfadhili kutoka Dar anataka kanisa jipya la kigango (tawi la parokia) liitwe Mt. Antoni wa Padua, somo wa marehemu mama yake. Sisi tangu tukisali chini ya mbuyu ni kigango cha Mt. Kizito. (Wazee wa kigango, Bahi)

Jina la kanisa halinunuliwi pamoja na saruji. Likishatabarukiwa, kanoni 1218 inasema jina halibadilishwi tena, kwa hiyo zungumzeni sasa, kupitia paroko, na neno la mwisho ni la askofu.

Ila msimkatae Antoni kwa hoja kwamba ni mgeni, kama mmoja wenu alivyoandika. Kanisa Kuu la Dodoma ni la Mt. Paulo wa Msalaba, Mwitaliano, aliyeletwa huku na Wapasionisti, shirika alilolianzisha mwenyewe. Hospitali ya Itigi ni ya Mt. Gaspari, wa Roma, aliyekuja na Wamisionari wa Damu Azizi. Leo nani Itigi anamwona Gaspari mgeni? Hoja yenu ni nyingine, na inatosha: Kizito mmekuwa naye tangu mbuyuni. Mfadhili aahidiwe sanamu ya Antoni na Misa ya kumwombea mama yake kila tarehe 13 Juni. Mwambieni kabla mabati hayajapakiwa kwenye lori.

Kwaya yetu inaweza kumchukua Mwalimu Nyerere awe somo? (Mwanakwaya, Chamwino)

Bado. Ni Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo tu ya kuelekea utakatifu, mchakato unaendelea, na heshima ya hadharani kama ya mtakatifu haijaruhusiwa. Sala binafsi hakuna anayezuia. Kwa sasa mchukueni Karoli Lwanga, na mkazanie sauti ya tatu, ndiyo mnayolalamikia kwenye ukurasa wa pili wa barua yenu.

Nafungua grosari. Nikiita "Kana ya Galilaya" nitakuwa nimekufuru? (Mfanyabiashara, Kibaigwa)

Kana ni kijiji, na kwenye ile harusi divai ililetwa nyingi na nzuri. Sioni kufuru. Uza ya Dodoma, funga Jumapili asubuhi, na picha ya Bikira Maria usiitundike juu ya makreti.