Kabla ya Kununua Msumeno wa Meza, Shika Fensi Kwanza

Wiki jana nilimkabidhi mteja wa Syokimau kabati la nguo la milango minne, na milango yote ilifunga bila kuguswa na randa. Nilipoweka picha, msomaji mmoja wa Ruiru akaniandikia. Ana nafasi ya gari nyumbani anayotaka kuifanya karakana, pesa zake zinatosha msumeno wa meza mmoja tu, na muuzaji amemshauri achukue wenye wati nyingi kuliko yote. Namjibu hapa kwa sababu wengi wetu tuko njia moja: tunataka kutengeneza nyumbani kazi inayoweza kusimama kando ya fanicha zinazoanikwa Ngong Road, Nairobi.

Mimi nilizunguka sana kabla ya kutoa pesa. Industrial Area, River Road, Gikomba, nikarudi tena Industrial Area. Shemeji yangu akawaambia watu mezani, mbele ya mke wangu, kwamba mimi ni mtu wa kuuliza bei tu. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Lakini leo yeye ndiye anayeniomba nimtengenezee kabati za jikoni.

Kila duka niliingia na futi na skwea yangu mfukoni. Katika duka moja la mjini walinionyesha mashine mpya, rangi inang'aa, karatasi imeandikwa wati 2,000. Nikahakikisha plagi imetolewa, nikafunga fensi, ule ukingo ulionyooka ambao ubao huuegemea unaposukumwa kwenye bledi, nikatia alama ya kalamu kwenye jino moja la bledi. Nikapima kutoka jino hilo hadi kwenye fensi upande wa mbele. Nikaizungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile likafika nyuma, nikapima tena. Nyuma palikuwa pamebana kwa milimita tatu. Nikasukuma ncha ya fensi kwa kidole gumba, ikasogea ingawa ilikuwa imefungwa. Muuzaji akanijia juu: "Mkubwa, kama hununui usiguse." Nikatoka.

Milimita tatu ni nyingi mno. Fensi ikielekea bledi upande wa nyuma, ubao unabanwa katikati. Meno ya nyuma ya bledi hupanda juu kutoka chini ya meza, kwa hiyo yakiukamata ubao uliobanwa yanauinua na kukurushia wewe uliyesimama mbele. Hapo hata mwenye nguvu hawahi kuushika. Ndiyo maana nasisitiza pia ule ubapa wa chuma unaosimama nyuma ya bledi, ukipanda na kushuka pamoja nayo, ambao huzuia ubao usijifunge baada ya kupasuliwa. Mashine isiyokuwa nao usiilete nyumbani, hata ukipunguziwa bei. Vidole havina spea.

Najua Gikomba kuna meza zinazoundwa pale pale kwa vyuma vya pembe, mota na mkanda. Nawaheshimu mafundi wale, wanapasua mvule kutwa nzima. Lakini nyingi nilizoziona zilikuwa bledi tupu, bila kinga na bila ule ubapa. Nyumbani kuna watoto wanaoingia bila kubisha.

Kuhusu wati: umeme wetu ni volti 240, na plagi ya kawaida ni ya ampea 13, kwa hiyo soketi yako haiwezi kubeba zaidi ya takriban wati 3,000. Mashine ya wati 1,800 yenye bledi kali inapasua saiprasi ya inchi mbili na plaiwudi vizuri tu. Mvule utaupeleka polepole. Cha kuuliza ni aina ya mota. Ya brashi ni nyepesi, unaibeba na kuiweka kando, ila inapiga kelele kweli kweli. Ile isiyo na brashi inayozungusha mkanda ni nzito na tulivu. Kama ukuta wako ndio ukuta wa jirani, fikiria jambo hilo.

Mashine za mitumba nazo zisome kibandiko. Zile zilizotoka kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza, zenye plagi ya manjano, ni za volti 110. Za Marekani ni za volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Transfoma itakurekebishia volti, lakini hezi zitabaki 50 zetu, na mota ya mkanda itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Halafu vuta fensi mpaka mwisho, uone inafika wapi. Karatasi ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Ukitaka kuipasua katikati kwa urefu, unahitaji inchi 24 kati ya bledi na fensi, na upana huo ndio unaokaribia kina cha kabati za chini za jikoni. Mashine nyingi ndogo haziufikii. Ukinunua hiyo, utarudi kwenye msumeno wa mkono kwa kazi ile ile iliyokufanya utafute meza.

Narudia, ndugu zangu: fensi kwanza. Pima mbele, pima nyuma, sukuma ncha. Muuzaji akinuna, mwache anune. Usinunue mashine ambayo hukuruhusiwa kuigusa.

Na usimalize pesa zote kwenye mashine. Bledi inayokuja nayo mara nyingi si ya kazi safi. Tenga ya bledi mbili zenye meno ya kabaidi: ya meno 24 kwa kupasua mbao kwa urefu, na ya meno 60 kwa plaiwudi, ili isichanike pembeni. Kabla ya kuzilipia, pima ekseli ya mashine yako, kile chuma ambacho bledi huvikwa. Bledi nyingi za Ulaya zina tundu la milimita 30, za Kimarekani inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, na muuzaji anaweza kukufungia yoyote ile.