Fomu ya ridhaa ya ushauri nasaha mtandaoni: kwa nini sikutumii yangu

Wiki iliyopita mshauri nasaha mmoja kijana, ambaye ameanza kupokea wateja kwa simu ya video, aliniandikia: "Dada, naomba fomu yako ya ridhaa, nibadilishe jina tu nianze kuitumia." Nilimkatalia kwa ufupi. Jibu refu nalileta hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kazi hii ya mtandaoni, na fomu hii, ambayo mteja na mshauri hukubaliana humo jinsi watakavyofanya kazi na mipaka ya siri, mnaiona kama kitu cha kusainiwa ili kazi ianze.

Nilipoanza kuhudumia watu wa visiwani na ng'ambo ya ziwa, wenzangu hapa Mwanza walinisema sana. Eti najifanya wakili, eti nawatisha wateja kwa makaratasi. Mmoja aliyasema hayo mbele za watu kwenye semina, na mpaka leo yananiuma.

Sasa sikilizeni. Nina mteja aliyekuwa Ukerewe. Ameniruhusu nisimulie, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alikuwa ametoka kuniambia haoni tena sababu ya kuamka asubuhi, mara picha ikaganda, simu ikakatika. Nikampigia simu ya kawaida, hapatikani. Nikarudia, vilevile. Nikafungua fomu yake. Palikuwa na kitongoji alichopo, namba ya dada yake, na maneno aliyoyachagua mwenyewe niyatumie siku nikilazimika kupiga: nitaje jina langu, niseme tulikuwa tunaongea simu ikakatika na nina wasiwasi, nimwombe aende sasa hivi. Habari ya ushauri nasaha nisiitaje. Dada mtu alikwenda mbio, akamkuta amekaa kitandani, umeme hakuna, simu imezima chaji. Tulimalizia kikao kwa simu ya dada, mteja akiwa peke yake chumbani.

Fomu ile niliiandika mwenyewe, na najivunia kila mstari wake. Wewe ungempigia nani? Ungesema nini bila kumwaga siri ya mtu kwa ndugu zake?

Kwa hiyo, andika mahali mteja alipo, na kila kikao kinapoanza muulize tena. Mtu wa Igoma leo anaweza kuwa Sengerema msibani. Andika simu ikikatika nani anampigia mwenzake, na baada ya muda gani unamtafuta mtu wake wa karibu. Andika kama mnarekodi au hamrekodi, na ujumbe wa WhatsApp wa saa sita usiku utajibiwa lini. Na eleza mipaka ya siri bila kumung'unya maneno: akiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, na mtoto akidhulumiwa. Kuhusu mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aifikishe serikali ya mtaa. Mteja ayajue haya kabla hajafungua moyo.

Wanaodhani haya ni mbwembwe zangu wakasome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya ni taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi. Daftari lako la vikao limo humo, na meseji zilizo kwenye simu ambayo mwanao anachezea gemu zimo pia.

Kuna jambo moja sijaliona kwenye fomu nyingi: mlipaji. Mume mmoja alikuwa akimlipia mkewe, kisha akanipigia kudai aambiwe mke anasema nini, kwa kuwa hela ni yake. Nilimsomea mstari ambao wote wawili walishausaini, kwamba anayelipa hapati haki ya kujua yanayozungumzwa. Alikasirika, akaacha kulipa. Mke aliendelea kwa nguvu zake, na siri yake iko palepale.

Ndugu zangu, acheni kutuma faili na kungoja sahihi. Asiyejua kusoma, msomee. Anayejua, msomee pia, halafu mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe ni siku gani utampigia ndugu yake na utamwambia nini. Akisitasita, rudi kwenye kipengele hicho, hata kama dakika zote za siku ile zitaishia hapo.