Kabla Hujaomba Kazi ya Kulea Sokwe

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, binti aliyemaliza stashahada ya usimamizi wa wanyamapori, ambaye baada ya shikamoo na salamu ndefu za heshima aliniuliza swali nililokwisha kuulizwa mara nyingi: "Kaka, nifanye nini ili na mimi niwe mama wa sokwe?" Chini ya swali aliambatisha picha ya mtu aliyembeba mtoto wa sokwe kifuani, wote wawili wamefunua meno kama watu wanaocheka. Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Mara ya kwanza nilitabasamu, mara ya pili niliudhika, na mara ya tatu nikaona kwamba kama mtu angenijibu ukweli nilipokuwa na umri wake, huenda nisingeaibishwa mbele ya wenzangu kama nilivyoaibishwa mwaka uliopita.

Nianze na hiyo picha. Sokwe anapofunua meno yote, ya juu na ya chini, hacheki. Ameshikwa na hofu. Kicheko cha sokwe ni kinywa kilicholegea, mdomo wa juu ukiwa umeyafunika meno ya juu, na pumzi fupi za kuhema zinazosikika kama msumeno mdogo unaokata ubao laini. Kwa hiyo yule mtoto pichani alikuwa akiomba kuondolewa mahali pale, na aliyembeba alikuwa akifurahi. Mdogo wangu, wewe na mimi na wengi wanaosoma hapa tuliingia katika ndoto hii kwa mlango huo huo wa picha, na sikulaumu hata kidogo.

Wiki tatu zilizopita, sokwe niliyemlea alilala kwa mara ya kwanza katika kiota kimoja na jike mzima wa kundi la kituo chetu cha sokwe yatima. Tulimwita Pili kwa kuwa alikuwa wa pili kuletwa mwaka ule. Alifika ndani ya sanduku la mbao la kubebea nyanya, kiunoni ana kovu bichi la waya, na kwa kuyatazama meno yake tulikadiria kwamba alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Msituni, mtoto wa umri huo bado ananyonya na ataendelea kunyonya mpaka afikishe miaka minne au mitano, na mama yake hamwachii mtu. Ndiyo maana mtoto wa sokwe hafiki sokoni mpaka mama yake auawe, na mara nyingi huuawa pamoja na wengine waliojaribu kumtetea. Sokwe wameorodheshwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake biashara ya kuwauza kutoka nchi moja hadi nyingine imepigwa marufuku, lakini sanduku la nyanya halisomi mikataba.

Kila sokwe mpya hutengwa karantini kabla ya kuwaona wenzake, na kwetu muda huo ni siku 90, ili apimwe kifua kikuu, homa ya ini na minyoo. Mtoto mchanga hawezi kutengwa peke yake akaishi. Huacha kula, hujitikisa mbele na nyuma, na wengine hufa bila ugonjwa unaoonekana. Basi lazima atengwe na mtu, na mtu huyo nilichaguliwa mimi. Sitaficha kwamba nilijivuna. Tulikuwa walezi tisa, na mganga wa wanyama alinitaja mimi bila kutafakari.

Siku zile 90 sitazisimulia, kwa sababu zilifanana: chupa ya maziwa, kuosha, chupa ya maziwa, usingizi wa mang'amung'amu. Nitakueleza vidole tu. Pili aliishika fulana yangu kwa mikono yote miwili, akaikunja ndani ya viganja, na hata alipolala fofofo vidole havikulegea. Nilipotaka kujigeuza nilivifungua kimoja kimoja, na nilipofika cha nne, cha kwanza kilikuwa kimekwisha kushika tena. Nilijifunza kula kwa mkono mmoja, kuandika kwa mkono mmoja, na kufunga kamba za viatu kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Nilimwona mganga akinitazama kwa jicho la huruma, nikadhani ananionea wivu.

Makosa yangu yalianza karantini ilipokwisha. Mtoto yatima huingizwa kundini polepole. Kwanza huwekwa upande wa pili wa wavu wa chuma, ili waonane na kunusana. Kisha hupewa jike mmoja mpole, kisha wa pili, na madume huja mwisho kabisa, dume mkuu akiwa ameshazoea kumwona. Kwetu jike huyo ni yule tunayemwita Bibi, mwenye zaidi ya miaka 30, ambaye kabla ya kuokolewa alikaa miaka mingi amefungwa mnyororo uani kwa watu na hakuwahi kuzaa. Siku ya kwanza Bibi alipitisha kidole kimoja kwenye tundu la wavu, akagusa kovu la kiunoni mwa Pili, akakirudisha kidole na kukinusa kwa muda mrefu. Yeyote aliyekuwapo alijua kwamba jambo limekwisha. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua.

Pili alipohamishiwa chumba kilichopakana na cha Bibi, alipiga mayowe usiku, nami niliinuka nikaenda kwake. Usiku wa pili alilia, nikaenda. Nilijiambia kwamba ni huruma, na ilikuwa huruma kweli, lakini sokwe ni mwepisi wa kujifunza: alielewa kwamba yowe huleta fulana, na kwa kuwa fulana ilikuja, hakuwa na sababu ya kumgeukia Bibi aliyekuwa amekaa upande wa pili wa wavu akimngojea. Hali hiyo iliendelea kwa karibu miezi sita. Katika kikao cha mwisho wa mwaka, mkuu wa kituo alisema mbele ya watu wote kwamba nimemchelewesha mtoto kwa nusu mwaka mzima, kisha akanitupia na methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na watu wakacheka. Nafasi ya kiongozi wa walezi, ambayo kila mtu alijua ni yangu, alipewa kijana ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kuchanganya maziwa.

Mkuu hakukosea. Nimelisema hilo, na nalisema tena ili nisije nikaonekana mwenye kinyongo. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mtu ambaye hajawahi kulala na vidole vile kifuani angeweza kuchagua maneno mengine, au angalau angeniita pembeni.

Sasa nije kwenye ushauri. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiende huko ukitafuta mtoto wa kumbeba. Siku ya mlezi huanza saa kumi na mbili asubuhi kwa kuhesabu. Unapita mbele ya vyumba vya kulala, unataja jina, unasubiri uso utokeze, na wakati huo huo unasikiliza kama kuna anayekohoa. Hufuata uji wa asubuhi, kila mmoja na kikombe chake, vinginevyo wakubwa watanywa vya wadogo. Bibi habugii uji kwa haraka kama wengine, bali hutoa mdomo wa chini mbele kama kijiko, akaumiminia humo kidogo kidogo, akautazama kabla ya kuumeza. Kisha malango hufunguliwa na wote huenda kwenye msitu uliozungushiwa uzio wa umeme, na hapo ndipo kazi yako halisi huanza, nayo ni fagio, mpira wa maji na koleo la kinyesi. Ukimaliza kuosha unakata matunda na mboga za kutwa nzima. Chakula hutawanywa mbali mbali ili wakitafute na ili dume mkuu asikikalie chote. Gogo lililotobolewa matundu hupakwa asali ndani, nao huvunja vijiti, huvichonga kwa meno na kuichokoa. Jioni wanarudi wenyewe, kwa sababu uji wa jioni unawangoja, unahesabu tena, unawapa majani na matawi ya kutandika viota, unafunga.

Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza: jifunze kukaa mbali. Usisimame karibu na wavu kwa kuwa unapendwa. Ncha ya kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto iliondoka kwa njia hiyo, ikichukuliwa na dume kijana niliyekuwa nikimfahamu tangu akiwa na manyoya meupe ya mkiani, alama ya utoto kwa sokwe wote. Manyoya ya mabega yake yalikuwa yamesimama, kila kitu kilionyesha kwamba amepandwa na hasira, nami nikaona kwamba mimi si mtu wa kufanyiwa hivyo. Siku nyingine naitazama ile nafasi ya kidole na kuona kwamba ilinifundisha kuliko stashahada yangu.

Na kukaa mbali si kwa ajili ya vidole vyako tu. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, kirusi ambacho kwa binadamu huleta mafua ya kawaida kiliua sokwe watano wa kundi moja la porini. Mlezi anayekuja kazini na makamasi yake kwa sababu "Pili atanikosa" anampelekea Pili kifo. Ukiwa na mafua, kaa nyumbani. Usipokuwa nayo, vaa barakoa. Nimewahi kumrudisha mgeni mashuhuri getini kwa sababu alipiga chafya mara mbili, na ingawa siku hiyo nilifokewa, ningemrudisha tena leo.

Ushauri wa tatu ndio huo huo tena, na utanisamehe. Hebu piga hesabu. Kituo cha sokwe yatima cha Chimfunshi nchini Zambia kilianza mwaka 1983. Kile cha Tchimpounga nchini Kongo-Brazzaville kilifunguliwa mwaka 1992. Sweetwaters nchini Kenya kilifunguliwa mwaka 1993 kuwapokea yatima waliohamishwa kutoka Burundi vita vilipozuka, katika nchi ambayo haina sokwe wa porini wake yenyewe. Kile cha kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria kilianza mwaka 1998. Sokwe aliyetunzwa vizuri huweza kupita miaka 50. Mtoto aliyeokolewa mwaka 1983, akijaliwa uhai, leo yuko katika miaka ya 40, na mtu aliyempa chupa ya kwanza ama amestaafu ama amezikwa. Wapo waliorudishwa msituni, kama wale walioachiliwa huko Conkouati, Kongo-Brazzaville, kuanzia mwaka 1996, lakini wengi mno hawatarudi, kwa kuwa msitu usio na wawindaji na usio na makundi mengine ya sokwe yatakayowaua wageni haupatikani kwa urahisi. Watabaki nyuma ya uzio mpaka wafe. Watakachokuwa nacho kwa nusu karne si wewe. Ni nani anampekua nani manyoya, nani humkimbilia nani dume mkuu anapochachamaa, nani analala karibu na nani. Mlezi anayejifanya mama anakiharibu kitu hicho kimoja walichobakiwa nacho, na anakiharibu kwa sababu yeye mwenyewe anapenda kushikwa fulana. Najua ninachosema. Kama moyo wako unahitaji kupendwa, tafuta mchumba.

Naona nimeanza kuhubiri. Turudi kwa Pili.

Wiki tatu zilizopita, baada ya uji wa jioni, nilipita kuhesabu nikakuta chumba chake kitupu na lango la kati liko wazi, kama kiongozi mpya alivyokuwa ameagiza. Bibi alikuwa ametandika matawi kwenye kona, mengi kuliko anayotandika siku zote. Ubavuni mwake, Pili alikuwa amemshika manyoya ya kifuani kwa mikono yote miwili, ameyakunja ndani ya viganja. Nilitaja jina lake kama kanuni inavyotaka. Aliinua uso, akanitazama kama anavyotazama ndoo, akaulaza tena. Nilimwekea alama kwenye daftari, nikaenda nyuma ya stoo, na yaliyotokea huko hayamhusu msomaji.

Juzi usiku ilinyesha mvua kubwa yenye radi. Nilisikia yowe lake, nikakuta nimekwisha kuvaa kiatu kimoja. Nikakaa kitandani nimekishika cha pili mkononi. Ikasikika miguno mifupi, mizito, ya Bibi, kisha ikabaki mvua. Asubuhi niliwahesabu wote 14, na yeye ndiye aliyetokeza wa kwanza, kikombe mkononi, akimsukuma Bibi.

Kijana niliyemfundisha kuchanganya maziwa ameniomba nimsaidie mtoto mwingine atakapoletwa. Nimekubali, kwa sharti kwamba zamu za usiku tugawane watu watatu, na kwamba fulana ziwe za rangi moja ili mtoto asiizoee ya mtu mmoja. Sharti la pili ni wazo langu, na naona vituo vingine vingefaidika nalo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, omba kazi. Andika kwamba unajua kuosha, kuhesabu na kuandika daftari kwa mwandiko unaosomeka, na kwamba huna kifua kikuu, ukiambatisha cheti cha daktari. Ile picha usiiambatishe.