Faili za karatasi au kompyuta?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina kliniki ndogo hapa Likoni, huu mwaka wa 19. Mwanangu amemaliza chuo na sasa kanishikilia nitupe faili, ninunue programu ya kompyuta ya kuweka rekodi za wagonjwa. Mimi natibu kwa macho na mikono. Naogopa nitageuka karani, mgonjwa anieleze maumivu yake nami nimempa kisogo. Na stima zenyewe hizi! Nifanyeje?
– Daktari, Likoni

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hofu hiyo nimekaa nayo miaka mingi kliniki kwangu Majengo. Aliyeniondolea ni mama mmoja aliyekuja na homa na mkojo wa kuchoma. Mkononi ana daftari la shule, jalada limelegea kwa jasho. Nikamwuliza kama kuna dawa inayomdhuru, akasema hapana. Nikamwandikia dawa ya salfa. Siku ya tatu wanawe wakamrudisha amechubuka midomo, kifua kimejaa malengelenge. Faili lake la zamani tulilipata baadaye nyuma ya kabati, karatasi zimegandana kwa unyevu wa pwani. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Salfa asipewe." Alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile sikuamini kabati tena.

Kwa hiyo nunua. Ila hilo la kisogo ni kweli tupu, usikubali mtu akwambie ni uzee. Marekani, sheria ya mwaka 2009 iliwawekea madaktari malipo ya hadi dola 44,000 kila mmoja wakitumia rekodi za kompyuta ipasavyo. Wengi wakaingia. Mwaka 2016 watafiti wa huko huko wakaonyesha kwamba kwa kila saa moja ya kukaa na mgonjwa, daktari alikuwa akimaliza karibu saa mbili kwenye kompyuta na kazi za mezani. Hilo ndilo la kukwepa.

Kwangu, muuguzi huingiza uzito, presha na joto mgonjwa akiwa bado nje. Mimi naandika mambo matatu tu mbele yake: aleji, dawa anazotumia, na ugonjwa niliouona. Kioo cha kompyuta kiko ubavuni, naye anakiona. Wazee hupenda hivyo; mmoja alinisahihisha jina la dawa yake ya sukari kabla sijamaliza kuandika. Faili za zamani usizinakili zote, utachoka wiki ya kwanza uache. Akija mgonjwa, ingiza lake siku hiyo.

Wala usione haya ni mambo ya ng'ambo. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa (yaani yeyote aweza kuitumia na kuirekebisha bure) inayotumika nchi nyingi, ilianza mwaka 2004 kwa kazi ya watu wa Indiana, Marekani, na wa Eldoret yetu hii, na KenyaEMR ya kliniki za Ukimwi imejengwa juu yake.

Stima: chukua laptopu yenye betri nzuri, na programu inayofanya kazi bila intaneti, kisha itume data mtandao ukirudi. Kabla hujalipa hata shilingi, mwulize muuzaji: siku nikikuacha, nitaondoka na rekodi zangu zote? Akianza kuzungukazunguka, mwache. Na kila mfanyakazi awe na nenosiri lake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na Likoni mnajuana nyote; jirani hafai kusikia ya jirani yake kwenye foleni ya feri.

Huyo mwanao mshukuru, kisha mpe kazi ya kwanza kabla ya kununua chochote: aigeuze meza yako, uweze kuandika huku unamtazama mgonjwa usoni.