Gari kubwa, kisiwa kidogo: cc ndiyo inayokula mafuta?

Wiki mbili nyuma niliandika sentensi moja tu juu ya Toyota Crown: kwamba yenye injini ya lita 3.0, yaani cc 3,000, haiizidi ya lita 2.5 kwa kula mafuta kama watu wanavyodhani. Sentensi ile imeniletea maswali kuliko makala nzima. Nimeyachagua haya, mengine nimeyafupisha.

Assalaamu alaykum fundi. Nimeziona Crown Athlete mbili za 2004, moja 2.5 na moja 3.0, bei zimepishana kidogo. Barazani kwetu kila mtu ananambia 3.0 itanifilisi. Nakaa Mwanakwerekwe, kazini Malindi, hapa hapa Unguja. Nichukue ipi? – Msomaji wa Mwanakwerekwe

Waalaykumu salaam. Chukua iliyotunzwa, hata ikiwa ni hiyo 3.0. Injini mbili hizo ni ndugu wa tumbo moja. Zote V6, zote zinapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, na mwili zinaoubeba ni ule ule, tani moja na nusu na ushei. Baina ya Mwanakwerekwe na Malindi kinachokula mafuta ni uzito huo, kila unaposimama na kuondoka tena.

Nilikaa nikapiga hesabu. Gari ya kilo 1,600 ikiwa kwenye mwendo wa 50 imebeba nguvu ambayo uliinunua sheli. Ukikanyaga breki, nguvu yote ile inageuka moto kwenye diski na kwisha. Injini ya petroli nayo, ikiwa na bahati, inageuza robo tu ya mafuta kuwa mwendo. Mengine yanatokea kwenye rejeta na ekzosi. Kwa hiyo kila ukisimama kutoka 50, umemwaga kama vijiko vinne vya chai vya petroli. Ukisimama mara tatu, umemwaga finjani ya kahawa. Sasa hesabu mwenyewe safari yako ya asubuhi: daladala iliyosimama bila kuwasha indiketa, vespa iliyokatiza, gari ya ng'ombe, mtu aliyeshusha dirisha kusalimiana katikati ya njia. Mwenye 2.5 anamwaga finjani zile zile, kwa sababu uzito ni ule ule.

Sisemi 3.0 haili zaidi. Inakula. Lakini tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba tairi zilizopungua upepo na plagi zilizochoka zinaimeza yote.

Mimi ningeogopa masizi kuliko cc. Injini inayopuliza petroli silindani moja kwa moja haioshi migongo ya vali, na mvuke wa oili unaganda pale mwaka baada ya mwaka. Hiyo 2.5, injini inayoitwa 4GR, inajulikana kwa tabia hiyo hata kwenye Lexus IS 250. Basi mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na vuguvugu, kuna kitu unafichwa. Rudi kesho alfajiri. Ikiwa baridi, iwashe, usikanyage mafuta, uisikilize dakika mbili. Ikitetemeka kama mwenye homa, ama ishushe bei au iache.

Nitajuaje gari yangu inakula kiasi gani? Mimi natia mafuta ya elfu kumi kumi. – Bi mkubwa wa Bububu

Kwa elfu kumi kumi hutajua, mama yangu. Mshale wa mafuta si mizani. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, tembea wiki nzima kama kawaida yako, kisha ujaze tena sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia mara ya pili. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu mara moja inadanganya. Na hesabu kwa lita, usihesabu kwa shilingi: bei ya mafuta ZURA, mamlaka ya huduma Zanzibar, wanaitangaza upya kila mwezi, utakuja kuilaumu gari bure.

Mimi nina Mercedes E200 Kompressor, rafiki yangu ana Mark X ya 3.5. Tulitoka pamoja mjini hadi Nungwi na kurudi, tukajaza. Tumekula karibu sawa! Yangu mbovu? – Msomaji wa Kikwajuni

Huenda ni nzima kabisa, ubovu ukawa mguuni.

Saluni kubwa ikitembea 80 kwenye njia iliyonyooka haihitaji zaidi ya nguvu za farasi kumi hivi kusukuma upepo na kuzungusha tairi. Hiyo 3.5 ya rafiki yako ina farasi zaidi ya 300. Ni kama shughuli: waliokuja kula mia tatu, wanaoosha masufuria kumi.

Na hao wasiofanya kazi wanakula kwa njia ya ajabu. Injini kubwa ikitakiwa itoe nguvu kidogo, mlango wake wa hewa unakaribia kufungwa, na pistoni zinavuta hewa kwa shida, mfano wa mtu anayekunywa dafu kwa mrija mwembamba. Ule uvutaji wenyewe ni kazi, na mafuta ndiyo yanayoilipia. Injini ndogo, kwa nguvu zile zile kumi, mlango wake uko wazi zaidi, haihangaiki sana. Kwa hiyo mkienda 80 taratibu, wewe na injini yako ndogo ya lita 1.8 mnatakiwa mumshinde.

Lakini najua njia ya Nungwi. Unakutana na lori la mchanga, unalipita; unakutana na basi la watalii, unalipita. Kila ukikanyaga, ile Kompressor ya Mercedes yako inashindilia hewa ndani ya injini, na yenyewe inazungushwa na mkanda wa injini hiyo hiyo, haifanyi kazi bure. Juu ya hapo kompyuta inaongeza petroli ya ziada ili silinda zisipate moto kupita kiasi. Pale 1.8 inakunywa kama kubwa, na ile 3.5 inapita lori lile lile bila hata kutoa jasho. Rudini tena, mara hii bila kupita mtu, halafu uniandikie.

Na usisome cc kwenye herufi za nyuma. E200 yako ni 1.8. E250 iliyokuja baadaye, zile za mwanzo za bodi ya W212, nayo petroli yake ni 1.8, ila ya turbo. BMW 740i iliwahi kuwa lita 4.0 yenye silinda nane, ikaja kuwa 3.0 ya turbo yenye sita. Fungua boneti au soma kadi ya gari.

Fundi alitoa thamostati, akasema nchi yetu ya joto haina haja nayo. Tangu siku hiyo Crown inakunywa. Kuna uhusiano? – Dereva, Kiembesamaki

Upo, na mimi nimeulipia kwa mfuko wangu. Gereji moja, nisiitaje, waliniambia maneno hayo hayo kuhusu saluni yangu ya V6, nikashukuru na kuwapa ya soda. Miezi miwili mshale wa joto ulikaa chini, haufiki katikati hata mchana wa kaskazi, na mimi najisifu gari haichemki. Hadi siku nilipojaza tangi mara mbili katika wiki moja.

Thamostati ni kilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu. Ukikitoa, maji yanazunguka tangu mwanzo, injini haipashiki vizuri, na kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeiamsha: inaendelea kuitilia petroli ya asubuhi mchana kutwa. Injini ikiwa kubwa na safari zako fupi, hasara ni kubwa zaidi, maana chuma kingi hicho kinataka muda kupata moto. Rudisha thamostati, mpya, na mpira wake mpya. Gari ikiwa ilikuwa inachemka kabla haijatolewa, basi ugonjwa uko pengine: feni, rejeta, au maji yenyewe. Fundi alikutibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

AC au madirisha? – Msomaji, Mombasa kwa Mchina

Mjini kwa mwendo wa pole, madirisha. Ukitoka nje ukafika 70 na kuendelea, funga, washa AC, kwa sababu upepo unaoingia unaivuta gari nyuma. Kinachouma hasa ni kuegesha huku inanguruma. V6 iliyosimama na AC inaweza kula lita moja kwa saa, pengine na zaidi. Wanaosubiri watoto nje ya madrasa wanajijua.

Huku kwetu Pemba milima mingi. Nafikiria Crown haibridi. Itanifaa? – Kijana wa Mtambile

Itakufaa kuliko sisi wa Unguja. Zile finjani nilizozitaja juu, haibridi inaokota sehemu yake: ukishuka mlima au ukikanyaga breki, mota inageuka dinamo na kurudisha chaji kwenye betri. Mkoani hadi Chake Chake, panda shuka ile ndiyo shamba lake.

Ila angalia ni ipi. Haibridi ya Crown ya mwaka 2008 ilifungwa V6 ya 3.5, yaani walitafuta mbio kwanza, mafuta baadaye. Iliyokuja mwishoni mwa 2012 ina silinda nne za 2.5, na hiyo ndiyo ya kubana matumizi. Kabla hujalipa, ulizia betri kubwa imefikia wapi, na ulizia nani Pemba ana mashine ya kuipima. Ikibidi kila hitilafu uvuke nayo na boti hadi Unguja, ulichookoa sheli utakiacha bandarini. Tafuta pia tundu la hewa la betri, aghalabu liko ubavuni mwa siti ya nyuma; nimeona mtu ameliziba kwa gunia la viazi vikuu.

Mafuta ya oktani kubwa yatapunguza ulaji? – Msomaji, Fuoni

Gari isiyoyahitaji, hapana. Soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi, ufuate hicho.

Nina Lexus LS 460, naikodisha kwa harusi. Mwezi uliopita mafuta yamekula nusu ya faida. Niiuze nitafute ndogo? – Mwenye gari, Mbweni

Usiiuze. Bi harusi hakodi Vitz.

V8 ya 4.6 ina gia nane na njia ndefu inaitembea vizuri tu. Msiba wake ni kutembea nyuma ya tarumbeta kwa mwendo wa miguu, AC imewashwa, watu saba wanapiga picha dirishani. Mwendo huo hauna kilomita kwa lita, unahesabiwa kwa lita kwa saa. Kwa hiyo acha kutoza kwa umbali. Toza kwa saa, na saa ianze dereva anapotia ufunguo. Na akifika Forodhani kwenye picha, azime. Bwana harusi akilalamika joto, mnunulie juisi ya muwa, itakutokea rahisi.